Maneno ya Kiingereza Yenye Maana ya Kuwa Peke Yake, na Namna ya Kuyafasiri kwa Kiswahili

Mfasiri atafutaye tafsiri ya neno la Kiingereza 'loneliness' aghalabu huandika upweke. Akikutana na 'solitude' huandika upweke. Akikutana na 'isolation' huandika upweke tena, au pengine kutengwa. Msomaji wa tafsiri hiyo atadhani kwamba Waingereza wana majina matatu ya jambo moja, kama watu wenye mali nyingi wasiojua la kuifanyia. Lakini sivyo. Mtu aweza kuwa 'alone' kutwa nzima asiwe 'lonely' hata kidogo. Aweza kuwa 'lonely' katikati ya karamu ya harusi. Aweza kuitafuta 'solitude' kama msafiri atafutavyo kivuli saa ya jua kali. Na aweza kuwa 'isolated' kwa amri ya mwingine, apende asipende.

Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hizo na kuonyesha kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuzipambanua. Maneno tunayo, ila hatukuzoea kuyatafuta, kwa kuwa neno upweke liko karibu na mkono. Wala jambo hili si la urembo wa lugha tu. Siku hizi maneno haya yamo katika sheria za magereza, katika hati za haki za raia, na katika maswali ambayo waganga huwauliza wagonjwa na wazee. Neno likikosewa huko, mtu hupoteza haki yake, au maradhi yake hayaonekani.

Ili kuyapima maneno haya, inafaa tujiulize mambo matatu kwa kila neno. La kwanza ni la hesabu: je, yupo mtu mwingine pamoja naye, au hayupo? La pili ni la hiari: je, amejiweka hivyo mwenyewe, au amewekwa? La tatu ni la moyo: je, hali hiyo inamwuma, inampendeza, au haimgusi? Neno la Kiingereza lililo sawa ni lile linalojibu swali linalohusika, na tafsiri iliyo sawa ni ile inayojibu swali lile lile.

Asili ya maneno yenyewe

Maneno mengi ya jamii hii yametoka katika hesabu ya moja. 'Alone' lilikuwa zamani maneno mawili, 'all' na 'one', yaani mmoja kabisa, mmoja mtupu. Waingereza walipoyaunganisha, matamshi ya 'one' katika neno hilo yalibaki ya kale, na kwa hiyo leo wasemaji wengi hawaoni tena kwamba ndani yake imo hesabu. Baadaye irabu ya mwanzo ilidondoka, likapatikana 'lone'. Na kutoka 'lone' likazaliwa 'lonely', kisha 'loneliness' na 'lonesome'. 'Only' nalo limetokana na moja kwa njia nyingine, kwani katika Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa kitu kilicho kama kimoja.

Kundi la pili lilitoka katika Kilatini. 'Solus' kwa Kilatini ni aliye peke yake, na kutokana nalo Kiingereza kimepata 'sole', 'solitary' na 'solitude'. Kundi la tatu ni dogo: 'isolated' limepitia Kifaransa na Kiitaliano, na shina lake ni neno lenye maana ya kisiwa. Aliyetengwa amefanywa kisiwa. Mfano huu ni wa watu wa bara waionao bahari kuwa ukuta. Kwa watu wa Lamu, Pemba au Mafia bahari ilikuwa njia, na visiwa vilikuwa mahali pa kukutania majahazi. Kwa hiyo mfasiri asijaribu kuuleta mfano wa kisiwa katika Kiswahili. Hautawaambia wasomaji wake kile unachowaambia Waingereza.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili kimepita njia kama hiyo hiyo. Shina peke limezaa pekee, yaani kisicho na mfano, na limezaa peke yake, yaani bila ya mwenzi. Shina pweke limezaa mpweke, ambaye twamwonea huruma, na pia limezaa kitenzi kupwekesha, kitumiwacho na Waislamu kwa maana ya kukiri kwamba Mungu ni mmoja asiye na mshirika. Hapana huzuni yoyote katika kumpwekesha Mungu. Basi katika lugha zote mbili umoja umegawanyika njia mbili, moja yaelekea utukufu na ya pili yaelekea uhitaji. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimefanya mgawanyo huo kwa kuunda maneno mbalimbali, hali Kiswahili mara nyingi huufanya kwa muundo wa sentensi na kwa vitenzi.

'Alone' na jamaa zake wa hesabu

'Alone' hujibu swali la hesabu tu. Halisemi neno juu ya moyo. Ajuza aliyeachwa na wanawe ni 'alone'. Na mwanafunzi aliyefunga mlango ili asome ni 'alone' vile vile. Tafsiri yake ya kawaida ni peke yake, na ni tafsiri njema, kwa sababu peke yake nayo haisemi kama mtu anafurahi au analia. Tena maneno haya mawili yanafanana katika jambo ambalo wengi hawalitambui: hayadai kwamba watu wawe mmoja. Waingereza husema kwamba bwana na bibi arusi waliachwa 'alone', nasi twasema waliachwa peke yao. Kinachohesabiwa hapa ni wale wengine ambao hawapo.

Mahali pa neno katika sentensi hubadili maana katika lugha zote mbili. Tukisema, 'Juma alikuja peke yake,' maana yake hakuwa na mwenzi njiani. Tukisema, 'Juma peke yake alikuja,' maana yake wengine walialikwa wasije. Yeye aweza hata kuwa alikuja na punda na mizigo. Kiingereza hufanya hivyo hivyo kwa 'alone' likifuata jina mara moja, na hapo maana yake huwa sawa na 'only'. Mfasiri asiyeangalia mahali pa neno atageuza habari ya safari kuwa lawama kwa waliokosa kuja.

Kuna maneno mengine mawili ya mazungumzo, 'by oneself' na 'on one's own', ambayo huchanganywa na 'alone'. Haya huongeza maana ya kutosaidiwa. Mtoto aliyevaa viatu vyake 'by himself' aweza kuwa amezungukwa na mama na shangazi, lakini hakuna aliyemshika mkono. Kiswahili hutumia mwenyewe kwa maana hiyo: amevaa viatu mwenyewe. Ni kweli kwamba peke yake huweza kutumika pia, lakini mwenyewe huondoa shaka.

Pana pia misemo ambamo 'alone' limepoteza maana yake ya asili. Mwingereza akisema 'leave me alone', mara nyingi haombi kwamba watu watoke chumbani, anaomba asisumbuliwe. 'Niache peke yangu' ni tafsiri mbaya, kwani Mswahili asemaye hivyo ataonekana anaaga ulimwengu. 'Niache' au 'usinisumbue' yatosha. Na 'let alone' katikati ya sentensi ni sembuse, au seuze kama wasemavyo wengine: hana nauli, sembuse fedha ya kununua gari.

'Lone' huwekwa mbele ya jina, nalo husifu kitu kinachoonekana kimoja mahali ambapo jicho lilitazamia vingi: mti mmoja katika uwanda, tanga moja baharini. 'Sole' hupendwa na wanasheria, kwa mfano mrithi wa pekee. 'Single' hutazama ndoa au hesabu, na hapa Kiswahili chahitaji uangalifu, kwa maana kapera hutumika zaidi kwa wanaume, useja kwa asiyeoa au asiyeolewa, na mjane ni habari nyingine kabisa.

'Lonely' na safari yake

Neno gumu kuliko yote ni 'lonely', kwa kuwa limebadilika. Katika tamthilia ya Coriolanus, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1608, neno hili latumika katika kumfananisha shujaa na joka liishilo peke yake. Hapo hakuna uchungu wa upweke. Joka hilo linaogopwa, halihurumiwi. Milton naye, katika shairi la Il Penseroso lililochapwa mwaka 1645, aliliweka neno hilo juu ya mnara wa mtu akeshaye usiku akisoma, na mnara huo ni mahali pa kutamanika. Maana iliyozoeleka leo, yaani huzuni ya kukosa watu, ilipata nguvu karne ya 19 ilipoanza.

Mfano mwema wa kipindi hicho cha mpito ni shairi mashuhuri la Wordsworth juu ya maua ya rangi ya dhahabu kando ya ziwa, lililochapwa mwaka 1807. Wordsworth anajieleza katika shairi kuwa alikuwa 'lonely' alipoyaona maua yale. Lakini dada yake, Dorothy, aliandika katika shajara yake habari za siku ile, tarehe 15 Aprili 1802, na kutokana na shajara hiyo twajua kwamba walikuwa wakitembea pamoja. Basi kwa hesabu mshairi hakuwa peke yake, wala hapana dalili kwamba alikuwa akisononeka. Neno lake latueleza hali ya nafsi iliyojiondoa katika mazungumzo ya watu na kubaki inatazama. Karibu na mwisho wa shairi hilo hilo anatumia 'solitude', na hapo analitaja kama jambo la furaha kubwa. Mfasiri akiandika upweke mwanzo na upweke mwisho, msomaji atashangaa jinsi uchungu ulivyogeuka kuwa asali bila ya sababu. Afadhali aseme mwanzo kwamba mshairi alitangatanga akiwa na nafsi yake, na mwisho ataje faragha au utulivu wa mtu aliye na nafsi yake.

Leo 'lonely' likisemwa juu ya mtu hujibu swali la moyo. Linasema kwamba anataka watu na hawapati, au anao lakini si wale ambao roho yake inawataka. Ndiyo maana David Riesman aliweza, mwaka 1950, kukiita kitabu chake juu ya Wamarekani The Lonely Crowd. Jina hilo lingekuwa upuzi kama 'lonely' lingekuwa na maana ya hesabu, kwani kundi la watu haliwezi kuwa peke yake kwa hesabu. Robert Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1973, aligawanya hali hii mara mbili: kuna kukosa mtu mmoja wa ndani, kama mke au rafiki wa siri, na kuna kukosa jamaa na majirani wa kushirikiana nao. Aliyehamia mji mgeni pamoja na mkewe aweza kuwa na la pili bila ya la kwanza. Mjane mwenye ukoo mkubwa aweza kuwa na la kwanza bila ya la pili.

'Lonely' likisemwa juu ya mahali, maana yake hubaki ya kale. Njia iliyo 'lonely' ni njia isiyopitwa na watu. Haifai kusema njia yenye upweke, kwa kuwa njia haina moyo. Tuseme njia kimya, au njia isiyo na watu. 'Lonesome' ni ndugu wa 'lonely', hupendwa zaidi Marekani, na mara nyingi huchanganyika na shauku ya mtu fulani aliye mbali. Kiswahili kina neno lake tayari, nalo ni kitenzi: kumkosa mtu hakutoshi, bali kuwa na hamu naye.

'Solitude', 'seclusion' na 'isolation'

'Solitude' hukusanya hesabu na hiari, na moyo ndani yake mara nyingi umetulia. Mwanateolojia Paul Tillich, katika hotuba zake zilizochapwa mwaka 1963, alieleza kwamba Kiingereza kimefanya busara kuwa na maneno mawili: 'loneliness' kwa maumivu ya kuwa peke yake, na 'solitude' kwa utukufu wake. Kiswahili nacho kinaijua hali hii ya pili. Mwislamu akaaye msikitini siku za mwisho wa Ramadhani kwa ibada yumo katika itikafu. Kitenzi kutawa kilikuwa na maana ya kukaa ndani kwa kujihifadhi na kumcha Mungu, na kutokana nacho Wakristo wamepata mtawa. Msomaji atapendezwa kujua kwamba neno la Kiingereza kwa mtawa wa kiume, 'monk', lilitoka katika Kigiriki, na shina lake ni lile lenye maana ya peke yake.

'Seclusion' ni kuwekwa au kujiweka mbali na macho ya watu kwa desturi au kwa heshima. Mwali awekwaye ndani na mjane akaaye eda wote wamo katika hali hiyo. Lakini wote wana watu wa kuwahudumia na kuwafundisha, na mwisho wa siku zao unajulikana. Kusema kwamba mwali yumo katika upweke ni kuiharibu desturi kwa neno moja.

'Isolation' hutazama utengano wenyewe, jinsi mtu alivyokatwa na wengine, bila ya kuuliza anavyojisikia. Hapa ndipo Kiswahili kinapokishinda Kiingereza, kwa kuwa vitenzi vyetu haviruhusu jambo lifanyike bila ya kuonyesha upande wa mtendaji. Kujitenga ni kwa hiari. Kutengwa ni kwa mkono wa mwingine. Kutengeka ni hali iliyotokea, kama kijiji kilichokatwa na mafuriko. Mwingereza husema 'isolated' kwa zote tatu, na mfasiri sharti aamue. Katika ugonjwa wa korona mwaka 2020 uamuzi huo ulikuwa mzito. Aliyeambiwa ajitenge aliombwa kuwalinda jirani zake. Aliyeambiwa kwamba atatengwa aliweza kusikia adhabu, kwa maana katika vijiji na makanisa yetu kutengwa ni hukumu ya mkosaji.

Mahali ambapo kosa lina gharama

Tutazame sasa mifano mitatu. Wa kwanza ni wa magereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, ziitwazo Kanuni za Nelson Mandela na zilizokubaliwa mwaka 2015, zimeeleza 'solitary confinement' kuwa ni kumfungia mfungwa muda wa saa 22 au zaidi kwa siku bila ya kukutana na watu kwa namna yenye maana. Na zimekataza hali hiyo kuzidi siku 15 mfululizo. Wengi hufasiri maneno hayo kuwa kifungo cha upweke. Lakini sheria hapa inahesabu saa na siku, haipimi moyo. Tafsiri yenye neno upweke inamfungulia mkuu wa gereza mlango wa kujitetea kwamba mfungwa hakuwa mpweke, kwani alisikia sauti za wenzake ukutani. Kifungo cha kutengwa kinaufunga mlango huo.

Mfano wa pili ni wa haki za raia. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Marekani, Warren na Brandeis, waliandika makala mashuhuri wakitetea haki ya mtu kuwa 'let alone'. Haki ya kuachwa peke yake ingekuwa haki ya kutupwa, na hakuna adaiye haki hiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, yatumia neno faragha, nalo ndilo neno lenyewe: mtu kutoingiliwa katika mambo yake.

Mfano wa tatu ni wa afya. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia 'loneliness' mwaka 2018, na Japani ikafuata mwaka 2021, ikiitaja hali ya moyo na hali ya kutengana kila moja kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kwamba karibu mtu mmoja katika kila sita duniani anaguswa na hali hiyo ya moyo. Nalo pia huitenga na uchache wa mahusiano, ambao waweza kuhesabiwa na mtu wa nje. Namba kama hizi hutokana na maswali. Muhtasari mmoja utumikao sana, uliochapwa mwaka 2004, una maswali matatu, na neno 'lonely' halimo ndani yake, kwa kuwa watu huona haya kulikiri. Huulizwa mtu kama anakosa wenzi, kama anajiona ameachwa nje ya mambo, na kama anajiona yuko mbali na wengine. Swali la kwanza likitafsiriwa kwa neno mwenzi katika umoja, bibi aliyefiwa na mumewe atadhani anaulizwa habari za ndoa. La tatu likitafsiriwa kuwa umetengwa, atajibu kwamba hapana, kwa sababu hakuna aliyemkosea. Mwuliza maswali ataandika kwamba bibi huyu hana shida, na bibi atabaki kama alivyo.

Neno lililosahauliwa

Kwa maumivu yenyewe ya moyo, Kiswahili kina neno lenye uzito kuliko upweke, nalo ni ukiwa. Mkiwa ni aliyepungukiwa na watu wake: yatima, mfiwa, mgeni asiye na wa kumwita ndugu. Nyumba iliyohamwa huwa na ukiwa, na moyo vile vile. Huenda waandishi wa leo wanaliepuka kwa sababu katika maandishi lafanana na kitenzi ukiwa, kama katika 'ukiwa tayari, njoo'. Sababu hiyo haitoshi kulizika neno, maana sentensi yenyewe huonyesha lipi ni lipi. Hata hivyo lisitumiwe kwa kila 'loneliness'. Ukiwa una ukubwa wa msiba, na kijana anayehuzunika jioni moja kwa sababu rafiki zake wamesafiri si mkiwa. Huyo ni mpweke, na neno upweke lamfaa.

Kwa hiyo upweke lisitupwe, bali lipewe mahali pake, yaani pale ambapo moyo wasikia kukosa watu kwa kiasi cha kawaida. Peke yake lishike hesabu, na mwenyewe lishike kutosaidiwa. Faragha, itikafu na kutawa yashike hali ya hiari, kila moja kwa mahali pake. Kitenzi kutenga na minyambuliko yake kishike utengano, na ukiwa ushike lile pigo ambalo mtu hulipata watu wake wanapoondoka. Watungao kamusi za siku zijazo wangefanya jambo la maana kama chini ya kila neno la Kiingereza wangeweka sentensi kamili badala ya neno moja, kwa maana ni katika sentensi ndipo Kiswahili kinapoeleza nani amemwacha nani, na kama aliyeachwa alitaka.